Mkoba Unaosalimiwa Kabla ya Mwenyewe



Ndugu zetu wazazi, akina mama, na nyinyi vijana wanafunzi, leo tumeona tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoning'inia mkononi lakini kimebeba mambo makubwa. Tunakusudia mkoba wa kike, au sakoshi kama wengi wetu tunavyoiita hapa Bujumbura. Hasa ile sakoshi ya bei kubwa, yenye jina la kampuni ya Ulaya, na ile iliyotengenezwa ifanane nayo.

Tuanze na yaliyotukuta sisi wenyewe. Katika harusi moja hapa Buyenzi, baadhi yetu tulipewa kazi ya kupokea wageni upande wa akina mama. Wageni wawili wakafika kwa pamoja. Mmoja alikuwa na sakoshi kubwa, herufi za kampuni ya Ufaransa zimetapakaa kila upande. Wa pili alikuwa binti wa miaka kama ishirini, amebeba sakoshi nyeusi ya mama yake, imechubuka pembeni na zipu yake imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Hakuna aliyetuamuru, lakini yule wa kwanza tulimpeleka mbele karibu na bibi harusi, tukamletea soda kabla hajaiomba. Yule binti tulimwonyesha viti vya nyuma kwa kidole.

Baada ya siku kadhaa mama yake alitueleza kwamba binti amekataa kwenda harusini tena mpaka apate sakoshi ya maana. Na alikuwa anataka zamu yao ya upatu, pesa iliyowekwa kwa ajili ya ada ya chuo, itumike kuinunua. Hapo ndipo tulipojiuliza: nani amemfundisha mtoto huyu kwamba thamani yake iko mkononi? Jibu lilituuma, kwa sababu ni sisi.

Tumezoea kusikia mawaidha yanayomlaumu anayenunua. Anaambiwa ana israfu, anajionyesha, amesahau akhera. Yapo ya kweli katika maneno hayo. Lakini sisi tunaona kwamba lawama imegawanywa vibaya. Mkoba haupati nguvu dukani, unaipata machoni mwa watu. Tusingekuwa tunausalimia mkoba kabla ya mwenyewe, wangapi wangekopa ili waubebe?

MIKOBA HII IMETOKA WAPI?

Ni vizuri kwanza kuvijua vitu vyenyewe. Kampuni ya Hermès ilianzishwa Paris mwaka 1837, na kazi yake ilikuwa kutengeneza matandiko ya farasi. Louis Vuitton alifungua duka lake mwaka 1854, akitengeneza masanduku ya safari. Yaani walikuwa mafundi wa kazi za mikono, wanasifiwa kwa mshono unaodumu. Mwaka 1896 Georges, mtoto wa Vuitton, akabuni kile kitambaa cha herufi L na V pamoja na maua, na moja ya makusudio yake ilikuwa kuwazuia watu wasiige kazi ya baba yake. Tazameni yaliyotokea. Alama iliyowekwa kuzuia kuigwa ndiyo leo inayoigwa sana, na unaweza kuikuta imebandikwa kwenye mkoba ambao Vuitton hajawahi kuuona.

Mkoba uliokuwa mashuhuri zaidi unaitwa Birkin, kwa jina la Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Ufaransa na kufariki mwaka 2023. Habari yake ina mazingatio. Mama huyu alijulikana kwa kubeba kikapu cha kusukwa, kikapu kama vile mama zetu wanavyobeba wakienda soko la Ruvumera. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikaa ndani ya ndege karibu na mkuu wa Hermès, Jean-Louis Dumas, vitu vyake vikamwagika, wakaanza kuzungumza. Alimlalamikia kwamba hapati mkoba unaomfaa mama kijana mwenye mizigo ya mtoto. Hapo ndipo mkoba ule ulipobuniwa. Alipopewa wa kwake aliutumia hasa. Aliubandika stika, akaning'inizia kikata kucha, kisha mwaka 1994 akautoa uuzwe ili pesa ziwasaidie wagonjwa wa UKIMWI.

Mkoba huo huo, umechakaa na alama za stika zikiwa bado zinaonekana, uliuzwa kwa mnada Paris mwezi wa Julai 2025 kwa zaidi ya euro milioni 8.5. Mwenyewe aliutumia kama kikapu. Waliomtazama ndio walioufanya kito. Kwa hiyo hata huko kwao, bei kubwa haikutoka kwenye ngozi na uzi peke yake, ilitoka kwa watu wanaotazama.

KWA NINI WATU WANANUNUA?

Tusifanye haraka ya kusema ni kibri. Sababu ni nyingi, na baadhi yake hazina ubaya wowote.

Wako wanaonunua kwa sababu kitu kizuri kinadumu. Wako waliofanya kazi miaka mingi, wamesomesha watoto, wamewatunza wazazi, na sasa wanataka kujipa zawadi moja. Wako waliopewa na waume zao au na watoto walioko Ulaya, na kukataa zawadi ni kumvunja moyo aliyetoa. Wako akina mama wafanyabiashara wanaosafiri Dubai, Kampala au Dar es Salaam, na wameona kwa macho yao kwamba ukiingia ofisini na mkoba mzuri unaulizwa "nikusaidie nini mama?", na ukiingia na wa kawaida unaachwa umesimama.

Na wako wanaotafuta heshima waliyonyimwa. Hili si jambo geni kwetu watu wa Kiswahili. Kule Zanzibar, zama za utumwa, mtumwa alijulikana kwa nguo yake. Wanawake watumwa walivaa merikani na kaniki, na kujifunika kichwa kulihesabiwa kuwa ni kwa waungwana. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo zile, wakavaa kanga za rangi, kisha wakavaa buibui. Aliyetazama juu juu angesema hawa wanapenda mapambo. Lakini walikuwa wanasema jambo zito kwa kutumia nguo: sisi si mali ya mtu tena, na sisi tuna heshima yetu. Wengi wetu hapa Buyenzi tuna mababu waliofika kutoka Ujiji, Kongo na pwani, kwa hiyo historia hiyo haiko mbali nasi.

Ndiyo maana hatuwezi kumcheka binti anayetamani sakoshi. Anatafuta kile kile walichokitafuta bibi zetu, kuonekana kuwa naye ni mtu. Tofauti ni kwamba bibi zetu walikuwa wanaivua alama ya kudharauliwa waliyovishwa na wengine. Sisi tumeitengeneza alama mpya kwa mikono yetu, na kila mwaka tunaipandisha bei.

WATU WANAMWONAJE MWENYE MKOBA?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili, na waliyoyaona yanatufaa kuyajua.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uholanzi, Nelissen na Meijers, walionyesha kwamba mtu akivaa shati lenye alama ya kampuni ghali, watu wanakubali zaidi maombi yake, na hata akichangisha pesa za hisani anapata nyingi zaidi kuliko akivaa shati lile lile bila alama. Kwa hiyo wanaosema "mkoba mzuri unafungua mlango" hawasemi uongo. Makosa si yao. Ni makosa ya wanaofungua mlango kwa kutazama alama.

Lakini upo upande wa pili. Watafiti watatu, Garcia, Weaver na Chen, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi juu ya urafiki. Walipowauliza watu, ukitaka kupata marafiki wapya utakwenda na vitu vya fahari au vya kawaida, wengi walichagua vya fahari. Walipowauliza wengine, wewe ungependa kufanya urafiki na nani, wengi wakamchagua mwenye vitu vya kawaida. Fikirini hapo. Mtu anatoa pesa nyingi ili apendwe, na kitu hicho hicho kinawaweka watu mbali naye.

Na jingine litawashangaza akina dada. Mwaka 2010 watafiti Han, Nunes na Drèze walilinganisha bei za mikoba ya Louis Vuitton na Gucci. Wakakuta kwamba kwa kawaida kadiri jina linavyoandikwa kwa kuonekana zaidi, ndivyo mkoba unavyokuwa wa bei ya chini kuliko wenzake. Matajiri wenye mali ya siku nyingi wananunua ile iliyonyamaza, inayotambuliwa na wao kwa wao. Herufi kubwa zinauzwa zaidi kwa yule mwenye wasiwasi kwamba hatajulikana. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

HAPA KWETU BUJUMBURA

Sasa turudi nyumbani. Sakoshi nyingi zenye majina makubwa tunazoziona katika harusi zetu si za Paris. Ni kopi. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na mara nyingi hata anayetazama anajua, ila kila mmoja anajifanya hajui. Mkoba wa kawaida usio na jina hauna aibu. Lakini kubeba kopi ili udhaniwe una kile usichonacho ni aina ya uongo, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) alikemea mtu kujipamba kwa kitu ambacho hakupewa. Juu ya hayo, aliyebeba kopi hastareheki. Usiku mzima anaomba asitokee mtu wa Dubai akautazama mshono kwa karibu.

Na hata kopi si rahisi. Tunaishi katika mji ambao familia nyingi zinahesabu faranga moja moja. Mwezi wa Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga yetu, na kila kinachotoka nje kikawa kizito zaidi kukinunua. Katika hali hiyo, pesa ya sakoshi haitoki hewani. Inatoka kwenye ada ya mtoto, kwenye kodi ya nyumba, kwenye zamu ya upatu, au inatoka kwa jirani kwa ahadi ya "mwisho wa mwezi". Tumeona ndugu wawili waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kusalimiana kwa sababu ya deni la nguo na mkoba wa harusi. Harusi ilikwisha saa sita za usiku, lakini deni lilibaki mwaka mzima.

Bibi zetu walipopata ziada walinunua bangili ya dhahabu. Ilikuwa pambo, na pia ilikuwa akiba. Mtoto akiugua usiku, bangili ilimfikisha hospitali. Sakoshi ya kopi, ukiitoa dukani leo, kesho hakuna wa kukurudishia hata nusu ya pesa yako.

Na tukumbuke tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Familia nyingi za Buyenzi, Bwiza na mitaa mingine zililala na mali zikaamka hazina kitu. Tuliokuwepo tunakumbuka nani alisimama haraka. Alikuwa ni yule ambaye mwenye duka la jumla alimwambia, "Chukua mzigo, utalipa ukiuza." Alipewa kwa sababu ya jina lake. Hakuna aliyemuuliza amebeba mkoba gani. Jina la namna hiyo haliuzwi Paris wala Dubai. Linapatikana kwa kusema kweli na kulipa deni kwa wakati.

DINI INATWAMBIA NINI?

Uislamu haukukataza kupendeza. Tumeamrishwa tujipambe tunapokwenda kuswali, kisha tukakatazwa israfu. Sahaba mmoja aliuliza kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) akabainisha kwamba hicho si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu, kama ilivyopokewa na Imaam Muslim kutoka kwa Ibn Mas'uud (Radhiya Allaahu 'anhu).

Tuitazame vizuri sehemu hiyo ya mwisho, kuwadharau watu. Mwenye sakoshi ghali anaweza kuwa amesalimika nayo, amekuja harusini na moyo mnyenyekevu. Na sisi tuliomwonyesha binti viti vya nyuma kwa kidole tunaweza kuwa tumetumbukia ndani yake, hali mikononi tumeshika trei tu.

Pia iko Suurat 'Abasa. Mtume wetu alikuwa anazungumza na wakubwa wa Kiquraishi kwa kutaraji wasilimu, na kipofu Ibn Ummi Maktuum akaja kumuuliza jambo la dini. Alipokunja uso, Allaah Akamteremshia mafunzo yanayosomwa mpaka leo. Ikiwa hilo lilikemewa, naye alikuwa katika kazi ya kulingania dini, je sisi tunaowapanga watu kwa mikoba tutasema tulikuwa katika kazi gani?

Na kuna kosa la upande mwingine, nalo ni dhana mbaya. Dada akipita na mkoba mzuri tunanong'ona: "Mumewe ameutoa wapi? Hiyo pesa ni ya halali kweli?" Huenda ameuweka akiba miaka mitatu. Huenda anatoa sadaka kwa siri kuliko sisi tunaonong'ona. Suurat Al-Hujuraat imetutahadharisha na dhana, na kupelelezana, na kusengenyana. Hasadi haiwi uchamungu kwa kuvishwa kanzu.

TUFANYE NINI?

Kwa anayetaka kununua, tunashauri ajiulize maswali matatu. Je, nimemaliza haki za watu, madeni, ada na chakula cha nyumbani? Je, ningeununua kama ungekuwa hauna jina lililoandikwa? Je, ukiibiwa kesho, nitapoteza mkoba tu, au nitapoteza na nafsi yangu? Akijibu kwa utulivu na akaona uko ndani ya uwezo wake, anunue, amshukuru Allaah, autumie kama Birkin alivyoutumia wake, mkoba wa kubebea vitu. Wala tusimsumbue.

Kwa vijana wa shule na vyuo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rafiki anayekukaribisha kwa sababu ya sakoshi atakuaga siku itakapochanika. Mkoba wenye daftari zako, hata ukiwa wa caguwa, umebeba kitu ambacho mnada wa Paris hauwezi kukiuza.

Kwa wazazi: watoto wanatusikiliza tunaporudi harusini. Tukianza kwa kusema "fulani alibeba nini", tumewafundisha wapime watu kwa nini. Tuanze kwa kusema nani alikuwepo, nani hali yake si nzuri, nani tumtembelee.

Na kwetu sisi tunaopokea wageni: anayefika mwanzo akae mbele. Wazee, wajawazito na wagonjwa watangulizwe. Hatuna haja ya sheria nyingine. Hapa Burundi tunayo agaseke, kile kikapu cha kusukwa chenye kifuniko kilichochongoka, kinachobebewa zawadi. Kifuniko kile kina adabu yake. Aliyeleta kingi na aliyeleta kidogo wanapita mlango mmoja, na hakuna anayechungulia. Tungependa macho yetu nayo yajifunze adabu ya kifuniko kile.

Kuhusu yule binti, tulimwendea nyumbani kwao, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba siku ile alidhani tumemfananisha na mtu mwingine, ndiyo maana tukamwonyesha nyuma. Neno hilo lilitutoa machozi, kwa sababu alikuwa bado anatutafutia udhuru. Ada ya chuo ililipwa. Harusi iliyofuata alikuja na sakoshi ile ile nyeusi, tukampa kiti cha mbele, na hatukuitazama zipu.

Tunamuomba Allaah Atupe macho yanayowaona watu kabla ya vitu vyao, Atukinge na israfu na riyaa, na Azibariki riziki zetu zilizo chache na zilizo nyingi. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.